Malengo ya somo yashushwe, mtoto ayaone

Mhariri,

Asalam aleikum. Mimi ni mwalimu wa gredi ya 2 kwenye shule ya serikali huku Likoni, mwaka huu nna watoto 58 darasa moja, na nimeona nikuandikie kuhusu kitu ambacho wengi watakiona kidogo lakini mimi kinaniuma sana, haya malengo ya somo tunayobandika ukutani.

Mzazi akiingia darasa lolote huku kwetu ataona karatasi za manila zimepangwa juu karibu na dari, mwandiko mzuri wa feltipeni, "kufikia mwisho wa mada mwanafunzi aweze kutambua, kusoma na kuchangamkia" na kadhalika. Hayo maneno yametoka kwenye muongozo wa KICD, ile taasisi ya serikali inayoandaa mtaala, na hakuna ubaya hapo, muongozo umeandikiwa mwalimu apange skimu yake ya kazi. Ubaya ni pale tunapoyanakili vilevile tukamwekea mtoto wa miaka 7, hebu muulize kuchangamkia ni nini uone. Na mimi mwenyewe nimefanya hivyo tangu mtaala huu wa umilisi (CBC) uanze 2019, nabandika juu manake chini zitachanwa, na manake afisa akija kukagua azione upesi. Yaani ile karatasi ilikuwa ya afisa siku zote, si ya mtoto.

Siku moja katikati ya hisabati nikamuuliza mtoto wa dawati la nyuma, leo tunajifunza nini? Akanambia "ukurasa wa 40 ticha". Ukurasa anaujua, kazi haijui. Nlirudi nyumbani na hilo jambo moyoni.

Nikajaribu kuandika kwenye kona ya ubao kwa chaki, lakini walimu wa wadogo mnajua, kila kilicho ubaoni watoto wananakili, dakika kumi zimepita wanaandika malengo na somo lenyewe ni dakika 30 tu. Manila nazo hapa pwani hazidumu, unyevu wa bahari unazikunja, selotepu inabanduka, pini zinashika kutu, kaskazi ikivuma madirisha yale hayana vioo basi asubuhi unaziokota chini. Na wikendi darasa likitumika kwa shughuli nyingine Jumatatu unakuta nusu zimechanika.

Ndo nikatoa leso yangu kuukuu, yaani kanga. Nikashonea mifuko ya ile nailoni ya kufunikia vitabu, nikaitundika kwa kamba chini ya ubao, usawa wa macho ya mtoto akiwa amekaa, na jioni naikunja naondoka nayo. Watoto wa huku leso wanaijua, wanajua ina jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, mama akienda kununua leso Biashara Street husomewa jina kwanza ndo aangalie rangi, kwa hivyo nikawaambia leso yetu hii kila siku ina jina jipya. Jina lenyewe ni sentensi moja kwenye kadi, inaanza na "Leo naweza", mfano Leo naweza kujumlisha 27 na 5, na pembeni mchoro wa maembe kwa wale bado hawajasoma vizuri. Moja tu! Muongozo una matokeo zaidi ya moja kwa kila mada ndogo lakini hayo ni ya siku kadhaa, ukiyatundika yote kwa pamoja mtoto hashiki hata moja, na kadi ikihitaji kukaa siku mbili tatu ikae tu, usibadilishe ili uonekane unakimbia.

Lakini kutundika pekee hakutoshi, hapa ndo naona tunakosea zaidi. Kadi isomwe kwa sauti kabla ya somo, katikati uulize mbona tunafanya hivi, na mwisho mtoto ajipime mwenyewe. Mwanzo nlitumia vibanio vya nguo vyenye majina yao, mtoto anahamisha chake toka upande wa "bado" kwenda "naweza", na nikajuta, kuna mmoja kibanio chake kilibaki peke yake upande ule wenzake wakamcheka, kesho yake hakuja shule. Nikavitoa siku hiyohiyo. Sa hii nna mikebe miwili nyuma ya mlango, wa kijani wa "naweza" na mwekundu wa "bado", kila mtoto akitoka anatia kifuniko cha soda kwenye mmoja, hakuna anayeona cha mwenzake. Mimi nikihesabu nikakuta mwekundu una vifuniko 20 basi kesho narudia somo lile kwa njia nyingine, sina haja ya kusubiri mtihani wa mwisho wa muhula uniambie.

Wakuu wa shule nawaomba, mkipita madarasani msihesabu manila, simama na mtoto mmoja muulize leo anajifunza kufanya nini. Na walimu wenzangu wa PP1 na PP2 huko chekechea za kaunti, kwenu mchoro pekee watosha, maneno yatakuja. Wazazi nao wenye leso zilizochakaa wasizifanye matambara zote, mleteeni mwalimu moja.

Juzi kwenye feri mama mmoja alinishika mkono akanambia mwanawe kafika nyumbani na kumwambia, mama, leo leso ya ticha imesema naweza kubadilisha noti ya mia. Akampa mia akamtuma unga dukani, na yule mtoto, ambaye darasani hata sauti yake siisikii, alisimama mbele ya mwenye duka akaihesabu chenji yote kwa sauti.

Mwalimu wa gredi ya 2,
Likoni, Mombasa