Viunzi vile saba havikujisogeza vyenyewe

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si makala mliyoichapa juu ya filamu za zamani za upanga na uchawi. Mwandishi wenu anadai kwamba kilichobaki humo ni kichekesho, kwa kuwa mazimwi yake yanatembea kwa kushtukashtuka.

Nianze na huko kushtukashtuka. Katika Jason and the Argonauts ya mwaka 1963, watu watatu wanapigana na viunzi saba vya mifupa. Ray Harryhausen alivisogeza vidoli hivyo kwa mkono, kiungo kimoja baada ya kingine, akipiga picha moja kila alipomaliza kusogeza, na sekunde moja tu ya filamu humeza picha 24. Pambano la dakika chache lilimchukua zaidi ya miezi minne. Viunzi vile vinatembea kama vitu visivyostahili kutembea, na hapo ndipo hofu inapoanzia. Kiunzi kinachoteleza kama mcheza dansi ni mtu aliyekonda tu.

Jumapili iliyopita nilimkalisha mpwa wangu tutazame Conan the Barbarian ya mwaka 1982. Alikuwa ameshaisoma makala yenu. Filamu inaanza kwa upanga kufuliwa, chuma kikiwa chekundu, nyundo ikishuka, na muziki wa Basil Poledouris ukivuma kwa ngoma na tarumbeta kana kwamba mlima unahama. Kisha wavamizi wanafika kijijini. Mama amemshika mwanawe mkono. Thulsa Doom, kiongozi wao, anayeigizwa na James Earl Jones, anamtazama mama huyo kwa utulivu, anageuka kama aliyemsamehe, halafu upanga unapita. Tunaona mkono wa mama ukichopoka katika mkono wa mtoto, naye mtoto akiutazama mkono wake mtupu. Hakuna anayesema neno. Hapo ndipo kijana alipochukua rimoti na kupeleka mbele, akaniambia, “Mjomba, hawa mbona hawaongei?” Ndugu Mhariri, nilitoka nje kwanza.

Sikatai kwamba baadhi ya filamu hizo zina wigi za kutia aibu na wachawi wanaobwabwaja. Lakini zilikuwa na uzito: chuma kilikuwa chuma, tope lilikuwa tope. Katika Excalibur ya mwaka 1981 deraya zinang'aa kwa taa za kijani hadi msitu wenyewe unaonekana umerogwa, ilhali filamu za leo zina giza kiasi kwamba nasikia panga zikigongana nisijue nani kafa. Nazo runinga mpya, kama hujaizima ile kazi yao ya kulainisha mwendo, hupachika picha za kubuni katikati ya picha halisi, zikafuta kwa sekunde moja kile ambacho mtu alikihangaikia siku nzima mezani.

Naomba basi mwandishi wenu, kabla ya kuandika tena, afungiwe chumbani na kamera, taa mbili na kidoli kimoja cha waya, asiruhusiwe kutoka hadi kidoli hicho kitakapoinua upanga na kuushusha. Kidoli nitakileta mwenyewe.

Msomaji wenu wa siku nyingi