Barua ya wazi: Mheshimiwa, rimoti mliyonirudishia si yangu

Mheshimiwa Mkuu wa ofisi,

Assalaam alaykum. Jina la ofisi yako silitaji. Wewe unalijua, mimi nalijua, na benchi lenu la nje limeshanizoea kwa miezi saba, tangu mliponichukulia rimoti ya ngalawa zangu ndogo za kuchezea.

Jumatatu iliyopita nilipigiwa simu nifike kuchukua "mzigo". Nilifurahi, sikufichi. Nikafunga kibanda, nikavaa kanzu, nikaja. Kijana wako akanitolea rimoti ndani ya mfuko wa kaki, nikatia saini, nikamuombea dua. Nyumbani wajukuu walikuwa wameshazitoa ngalawa zote nne chini ya kitanda. Nikawasha rimoti, nikatia betri kwenye ngalawa ya kwanza. Taa ya risiva, kile kifaa cha ndani ya ngalawa kinachopokea amri za rimoti, ikapepesa. Nikasubiri. Ikaendelea kupepesa. Usukani haukugeuka, kijimota cha demani, kamba ya kuvutia tanga, kimya. Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Mjukuu wangu mdogo akaniuliza, "Babu, zimetusahau?"

Hazikusahau, Mheshimiwa. Ndio tatizo lenyewe. Zinakumbuka.

Kesho yake nilirudi, nikaambiwa, "Rimoti ni rimoti, mzee. Namba si hiyo hiyo?" Akanionyesha stika ya nyuma. Mwanangu yule namsamehe, lakini ile ni namba ya aina, inabandikwa kwa maelfu. Akiziona Vespa kumi za rangi moja pale nje, ufunguo wake utawasha zote?

Naomba unisikilize kidogo, maana mimi ni fundi wa redio tangu enzi za kristali. Rimoti za zamani za 27 MHz zilitiwa kristali, kijipande kinachopanga masafa, nazo zilikuwa za aina sita, kila aina na rangi yake: kahawia, nyekundu, chungwa, manjano, kijani, buluu. Watu wawili wakija ufukweni na rangi moja, basi ni ugomvi. Nilishaona ngalawa yangu ikigeuza omo na kwenda kujipigiza mwambani, kumbe anayeiendesha ni bwana mwengine aliye upande wa pili wa mkoko, na hajui.

Hizi za sasa za 2.4 GHz haziko hivyo. Kila rimoti hutoka kiwandani na msimbo wake. (Nasema msimbo, sisemi kodi, kodi nimeshawalipa, risiti ninayo.) Msimbo wa tarakimu 32 za sifuri na moja unatoa namna 4,294,967,296. Mpe kila mtu wa Afrika nzima rimoti mbili, bado utabakiwa. Kila rimoti inapotuma amri, hutanguliza msimbo wake. Risiva huusoma kwanza, na kama si ule inaoujua, hiyo amri inaitupa.

Risiva huufahamu msimbo siku ya kuoanishwa. Sisi mafundi tunaiita ndoa, na kweli ni ndoa. Rimoti inaweza kuoa risiva nyingi, yangu ilikuwa na nne kama sheria ilivyoruhusu, lakini risiva ina mume mmoja tu. Sasa mmeniletea bwana mwengine mwenye kanzu na kofia ile ile, mnataka wake zangu wanne wamfungulie mlango?

Najua utaambiwa, "Basi mzee aoanishe upya." Risiva zangu nimezifungia ndani ya matumbo ya ngalawa kwa fiba, maji ya chumvi yasiingie. Kitufe cha kuoanishia kimo humo humo. Nipasue ngalawa nne? Tena kipimo cha kila usukani na kila demani kimehifadhiwa ndani ya rimoti yangu, kazi ya miezi. Na hii mliyonipa mkono wake wa kushoto umelegea kama jino la mtoto. Nikiioanisha, nitakuwa nimekubali kwamba ndiyo yangu. Sikubali.

Na ilichukuliwa kwa nini hasa? Nilikuwa narudi Pemba kutoka Unguja, ngalawa zangu kwenye kapu. Nikaambiwa kifaa "kinaingilia mawasiliano ya ndege". Ndege huzungumza na mnara kwenye 118 hadi 137 MHz. Rimoti yangu iko masafa ya waifai. Basi waifai ile ya juu ya kabati lako yenye antena mbili, Mheshimiwa, nayo ingekamatwa siku ile. Halafu nikaambiwa ni mambo ya droni. Droni zina sheria ya vibali, naiheshimu. Mimi nina ngalawa yenye tanga na matengo. Haijaruka.

Wewe mwenyewe ulitoka mlangoni ukaniambia, mbele ya watu, "Wiki mbili, mzee wangu." Idi mbili zimepita. Watoto wa mtaani walikuja asubuhi zote mbili na nguo zao mpya, wakitaka mashindano, nikawaambia bahari imechafuka. Bahari ilikuwa shwari kama sinia. Betri mbili zimeshavimba kwa kukaa, na betri hizo Pemba hazipatikani.

Sisemi mtu kaiba. Labda zilichanganyika kwenye kasha. Labda kuna mtoto wa mtu amepewa zawadi, naye anashangaa mbona haiendeshi kitu. Haitaendesha, kwa sababu haijaoana na chochote chake. Nimrudishie hii, anirudishie yangu, yaishe.

Ninachoomba ni dakika kumi za stoo yako. Nitakuja na ngalawa moja, niiweke juu ya meza. Kijana wako awashe rimoti zote zilizomo, moja moja, mimi mikono nyuma. Ile itakayofanya taa itulie, usukani ugeuke, hiyo ndiyo yangu, na wala sihitaji shahidi. Kama haimo, niambiwe haimo, kwa maandishi.

Hii nyengine nimeirudisha kwenye mfuko wake wa kaki. Nitakuwa benchini Jumatatu saa mbili asubuhi, na ngalawa mapajani.

Nipeni rimoti yangu, Mheshimiwa. Yangu.

Fundi wa redio,
Chake Chake, Pemba