Mafundi, acheni kukata soketi za redio kwenye magari ya watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na mafundi wanaofunga redio za magari, na zaidi niongee na sisi wenye magari ambao tunakabidhi funguo alafu tunaenda kukaa pembeni na simu mpaka tuitwe. Jambo langu ni moja, soketi ya gari isikatwe. Ile soketi iliyochomekwa nyuma ya redio iliyokuja na gari, mtu asiikate eti kwa sababu anafunga redio mpya.

Limenikuta ndo maana nasema. Nilinunua redio ya skrini kubwa, ile saizi ya dabo din, milimita 180 kwa 100, nikampa fundi, kijana mwepesi kweli wa mikono, akatoa redio ya zamani, akashika plasi, kacha kacha, soketi yote chini, akaanza kuchuna waya kwa meno anazisokota moja moja na kuzizungushia tepu nyeusi, nusu saa haijafika redio inaimba. Nilifurahi sana siku ile. Gari ikalala siku mbili bila kutembea, ya tatu asubuhi nawasha nasikia tk tk tk tk, taa za dashibodi zinafifia, kimya. Nikabusti ikawaka. Wiki hiyo hiyo tena. Nikaambiwa betri imekufa, nikanunua mpya, na yenyewe baada ya siku chache ikalala vile vile.

Aliyenitoa ni mzee mmoja fundi umeme, na kitu nilichokipenda kwake hakuanza kwa kubahatisha. Alizima kila kitu, akafunga milango, akachomoa terminali ya hasi na kuipitisha mita katikati ya terminali na betri, alafu akasubiri kama robo saa ili kompyuta za gari zilale zote, maana ukipima hapo hapo utapata namba ya uongo (na mita ikiwa imekaa hivyo usije ukapiga stata, utaiunguza). Mita ikasoma ampea 0.6. Akaniambia gari iliyozimwa inatakiwa itumie chini ya ampea 0.05, basi. Akaenda kwenye boksi la fyuzi la chini ya boneti akachomoa fyuzi inayopeleka umeme kwenye redio, mita ikashuka mpaka 0.03. Akairudisha, ikapanda tena. Nilisimama pale nikaelewa kila kitu bila kuelezwa.

Pigeni hesabu wenyewe, 0.6 mara masaa 24 ni zaidi ya ampea-saa 14 kwa siku moja, sasa betri ya ampea-saa 45 ikikaa siku mbili imeshapoteza zaidi ya nusu, hiyo nguvu ya kuzungusha stata itaitoa wapi? Tena hizi betri za risasi na asidi hazikutengenezwa kukamuliwa mpaka chini, kila ukiikamua hivyo unaila uhai wake, kwa hiyo betri yangu ya kwanza niliyoambiwa imekufa, iliuawa.

Tulipofungua dashibodi tukakuta waya wa njano na wa nyekundu wa redio vimesokotwa pamoja. Kwa wasiojua, waya wa njano ndo unaoshika kumbukumbu, unatakiwa uwe na umeme saa zote hata ukitoa funguo, hapo ndo redio inatunza saa na stesheni zako. Mwekundu ndo unaoiambia redio kwamba swichi ya funguo imefunguliwa, amka. Sasa ukiziunga zote mbili kwenye umeme wa moja kwa moja, yaani ule wa saa zote, redio inaamini funguo iko kwenye gari usiku kucha, wewe unabonyeza kitufe skrini inakuwa nyeusi unadhani umezima kumbe ndani iko macho. Na ukizigeuza, njano ikaenda kwenye swichi na nyekundu kwenye moja kwa moja, redio itasahau kila kitu kila ukizima gari. Kuna watu wanaishi na hilo mwaka mzima wanalalamika redio ni feki na redio haina kosa.

Sasa kwanini nashikilia soketi? Kwa sababu rangi za waya za redio za kununua zinafanana karibu kwa kampuni zote, lakini rangi za waya za gari ni za aliyetengeneza gari, kila mmoja na zake, nyekundu ya kwenye gari inaweza kuwa taa, inaweza kuwa chochote. Kinachokuambia huu ni waya gani ni nafasi yake ndani ya soketi, ukishaikata umechana ramani, fundi atakayekuja nyuma yako ataanza kupima waya moja moja kama mtu anayetafuta njia gizani. Na dawa ipo siku nyingi, kuna waya za kuunganishia zenye plagi tayari, upande mmoja unaingia kwenye soketi ya gari yako jinsi ilivyo, upande wa pili unaungwa na waya za redio, na magari mengi ya Ulaya yana soketi ya kiwango cha ISO 10487 ambayo kuipata plagi yake sio kazi. Maungio yote unayafanya mezani, unalehemu vizuri au unabana kwa vibanio vyake, unavalisha mpira wa kusinywaa kwa moto, sio tepu ambayo dashibodi ikipigwa jua gundi yake inayeyuka inakuwa ute na waya unabaki uchi. Siku unauza gari unachomoa yako unarudisha redio ya zamani, mchezo umeisha. Hata hivyo usichomeke kwa macho tu, pima kwanza, maana kuna magari ambayo huo wa moja kwa moja na wa swichi vimebadilishana nafasi.

Magari ya karibuni ndo hatari zaidi maana mengi hayana kabisa waya wa swichi nyuma ya redio, taarifa kwamba funguo imefunguliwa inapita kama data kwenye mtandao wa ndani wa gari, kwa hiyo unahitaji kiboksi cha kuitafsiri. Ukikata pale unatafuta kitu ambacho hakipo, na naamini ndo kilichomfanya yule kijana aziunge mbili pamoja, hakuupata wa swichi akaona bora redio iwake.

Kilichonitisha kuliko betri ni fyuzi. Ule waya wa njano ulikuwa na kishikio cha fyuzi ya ampea 10, akakikata akatupa kwa sababu kilikuwa kinazuia redio kuingia. Betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea, na pasipo fyuzi inayolingana na waya, waya mwembamba kama ule unakuwa mwekundu kabla hujaufikia, na uko nyuma ya plastiki na vitambaa, miguu yako iko chini yake. Na kweli ganda la waya lilikuwa limeshaanza kulika pale ulipobanwa na bati la kushikia redio. Tuliuangalia na yule mzee hatukusema kitu kwa muda.

Spika nazo. Redio za sasa waya zote mbili za spika zinabeba umeme, hakuna wa bodi (wa kufunga kwenye bati la gari lililoungwa na hasi ya betri), kwa hiyo wale wanaokusanya hasi zote za spika wakazifunga kwenye bodi ili wapunguze kazi wanaunguza amplifaya ya ndani. Na spika moja ikigeuzwa chanya na hasi besi inapotea, unasikia sauti kubwa ila haina kifua. Kujua ni rahisi, chomoa waya za spika kwenye redio, zigusishe na betri ndogo ya volti 1.5 kidogo tu, chanya kwa chanya spika inasukuma nje, ikivuta ndani umegeuza. Waya wa bluu wa redio ukiachwa unaning'inia kwenye gari lenye antena ya kwenye kioo, FM inakuwa dhaifu kwa sababu kile kikuza mawimbi cha antena hakipati umeme, na hapo tena lawama zinaenda kwa redio. Pia msidanganywe na ile wati 50 mara 4 ya kwenye boksi, redio yenye fyuzi ya ampea 10 kwa volti 14 inavuta kama wati 140 kwa jumla, hizo 200 za muda wote zitatoka wapi?

Mafundi wangu naomba pia muogope waya zilizovishwa njano karibu na usukani, zile ni za ebegi, msichomeke tesita pale, na chomoeni hasi ya betri kabla hamjaanza kuvuta kitu chochote.

Kwa wenye gari, kabla hujatoa funguo muulize fundi plagi ya kuunganishia iko wapi, akikuambia haina haja, ondoka. Mimi yule mzee alitumia siku nzima, ilibidi nikatafute soketi kwenye gari bovu la aina yangu, waya zilizobaki nyuma ya dashibodi zilikuwa fupi kama kidole, akaziongeza moja moja. Juzi gari imelala siku nane, nimewasha mara moja tu ikaitika.

Mhariri, kama kurasa zinaruhusu chapisheni mchoro wa rangi za waya za redio hizi, watu waukate waubandike kwenye gereji.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.