Injini ya 3L ndani ya Hilux ya petroli: bei ya injini si bei ya kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Siku hizi hapa Mwanza mwenye pick-up kuukuu ya petroli hakosi wa kumpigia hesabu ya haraka: toa hiyo injini ya Toyota ya 22R au 3Y inayokunywa mafuta, weka 3L ya dizeli, gari lirudi kubeba dagaa wa soko la samaki la Mwaloni. Hesabu yenyewe ina mstari mmoja tu, bei ya injini mtumba. Ndiyo maana unaona Hilux zimepandishwa juu ya matofali uani, injini imelala pembeni chini ya turubai, na mwenye mali kaishiwa. Injini aliipata. Kilichommaliza ni vile vilivyopaswa kuja nayo.

Kabla hujatoa shilingi, soma herufi kwenye kibati cha gari. RN ni petroli ya familia ya R, YN ni petroli ya familia ya Y, LN ni dizeli ya familia ya L. Kama lako ni LN yenye 2L, umepona nusu ya kazi: 2L (cc 2,446), 3L (cc 2,779) na 5L (cc 2,986) ni ndugu wa tumbo moja. Kama ni RN au YN, huo ni mradi mwingine kabisa. Giaboksi uliyonayo haitashika, kwa sababu matundu ya boliti kwenye beli hauzingi (ile kofia ya giaboksi inayofungwa kwenye injini) hayakutani na ya 3L. Ukibadili giaboksi, urefu wa propela shafti, lile bomba linalopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, nao unaweza kubadilika, na fundi wa kuikata na kuibalansi hafanyi bure.

Kwa hiyo nunua injini na mkia wake: giaboksi, flaiwili na klachi yote, stata, alteneta, pampu ya dizeli na nozeli zake, mabano ya mauntingi (vishikio vya injini kwenye chasisi) ya pande zote mbili, rejeta na kava la feni, kishikio cha filta ya dizeli, na waringi ambao haujakatwa. Afadhali LN iliyogongwa ubavuni, inayowaka ukaisikia, kuliko injini iliyooshwa na kupigwa rangi ya fedha dukani. Na uulize imetoka gari gani. 3L zimefungwa pia kwenye Hiace na Dyna, na sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya hizo mara nyingi haifanani na ya Hilux. Itagonga kiunzi cha mbele kabla injini haijakaa. Sampu ikibadilishwa, bomba la kunyonyea oili lililo ndani yake nalo libadilishwe.

Kupima. Toa hita plagi (zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha) zote nne, funga geji ya dizeli, zungusha kwa stata betri ikiwa imejaa. 3L nzima inatoa psi 455 au zaidi. Chini ya 284 imekwisha, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 71. Usitumie geji ya petroli, maana nyingi zinaishia psi 300. Kisha kagua silinda hedi, ugonjwa mkubwa wa familia hii. Ikichemka mara moja vibaya, hupasuka kati ya valvu na valvu, ufa mwembamba kama unywele. Muuzaji akikubali ifunguliwe, ipeleke hedi ikapimwe kwa presha ya hewa ndani ya maji moto. Asipokubali, iwashe na uangalie mdomo wa rejeta: mapovu yasiyokoma hata baada ya hewa kutoka ni gesi ya silinda inayopita kwenye maji.

Taimingi belti badilisha hata kama muuzaji anaapa ni mpya, pamoja na beringi yake na sili za mbele. Belti hiyo ndiyo inayoendesha pampu na kamshafti. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni. Injini ikiwa chini ni kazi ya saa chache. Ikishaingia garini, utajuta.

Kuinua: ikiwa na vifaa vyake, 3L inapita kilo 200, na giaboksi ikiwa nyuma yake uzito unaongezeka. Tawi la mwembe halina cheti. Tengeneza miguu mitatu ya mabomba mazito yenye chenibloki ya tani 1, miguu ifungwe kwa mnyororo chini isiteleze. Fundi asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Gari lililobeba samaki wa barafu miaka mingi lina jambo lake. Yale maji yanayochuruzika kutoka kwenye bodi hula chasisi kwa ndani. Gonga kwa nyundo, hasa sehemu za nyuma na pale mabano yatakapokaa. Palipolika hutoa mlio wa kufa. Kuchomelea mabano kwenye chuma cha namna hiyo ni kupoteza vijiti vya welding. Palipo pazima, kwanza ninginiza injini na giaboksi mahali pake, hakikisha feni iko angalau sentimita 2 kutoka kwenye rejeta na sampu haigusi kitu gari likikaa kwa uzito wake, ndipo upige alama za welding. Kuchomelea moja kwa moja kuje baada ya kupima mara ya pili. Dizeli ni nzito, pua itashuka. Kwenye Hilux zenye toshenibaa (nondo zinazofanya kazi ya springi mbele), kaza boliti zake pande zote mbili kwa usawa.

Sasa breki, Mhariri, na hapa ndipo roho za watu zinapochezewa. Injini ya petroli ina kipepeo kinachoziba hewa, na ule mvuto wa hewa nyuma yake ndio unaosaidia busta ya breki, kifaa kinacholainisha pedali. 3L haina mvuto wa kutosha kwenye manifoldi. Badala yake ina vakyumu pampu iliyofungwa mgongoni mwa alteneta. Itazame kwa karibu: kuna bomba jembamba linaloleta oili kutoka kwenye bloki, hozi nene inayorudisha oili kwenye sampu, na hozi ya tatu inayokwenda kwenye busta ikiwa na valvu ya njia moja katikati. Fundi mwenye haraka anakuta alteneta imekufa, anafunga ya petroli kwa sababu inachaji, anaziba bomba la oili kwa boliti. Gari linawaka, linachaji, linatoka uani. Kwenye uwanja tambarare hutagundua. Utagundua ukishuka mlima wa Bugando na mzigo nyuma, pale pedali inapogeuka jiwe.

Hozi ya kurudisha oili ikijikunja, pampu hujaa oili na mvuto hupotea vilevile. Kipimo hakihitaji mashine. Zima injini, kanyaga breki mara tano hadi pedali iwe ngumu, endelea kuikanyaga huku unawasha. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta inapata mvuto. Isipozama, gari lisitoke getini.

Kupoza injini nako kuna lake hapa kwetu. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyo wazi Mwanza huchemka karibu nyuzi 96 badala ya 100. Kifuniko cha rejeta chenye alama ya presha 0.9 kinapandisha kiwango hicho hadi kupita 110; kifuniko kilicholegea kinakurudisha kwenye 96, na hedi ya 3L haina subira. Kinunue kipya. Tabia ya kung'oa thamostati, ile valvu inayozuia maji hadi injini ipate joto, "ili ipoe" iachwe. Injini nyingi zina njia ya pembeni ambayo thamostati huiziba ikifunguka. Ukiing'oa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Na ukiwa na mwendo mwepesi asubuhi, dizeli inabaki baridi, inatoa moshi na kuchafua oili. Rejeta ya petroli ni nyembamba kwa kazi hii. Kava la feni lisiachwe. Bila hilo, feni inazungusha hewa ileile ndani ya boneti.

Tanki lioshwe. Pampu ya 3L hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na petroli iliyobaki au vumbi la kutu huiua. Likitoboka, usilichomelee kwa sababu tu halina mafuta. Mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Filta iwe yenye kikombe cha kukusanya maji na pampu ya mkono juu. Kutoa hewa: piga pampu ya mkono hadi iwe ngumu, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, zungusha stata hadi dizeli itoke bila povu, kaza.

Umeme ni mwepesi, hakuna kompyuta. Waya mmoja wa solenoidi ya pampu, ile inayofungua na kukata dizeli, upate umeme funguo ikiwa wazi na ukatike ikifungwa. Hita plagi zipite kwenye rilei. Soma volti iliyoandikwa kwenye plagi, maana zipo za chini ya 12 zinazoungua ukizipa umeme wa betri moja kwa moja. Geji ya mizunguko iliyokuwa ikisoma koili ya petroli itakufa. Siku ya kwanza ya kuwasha, awepo mtu tayari kuziba mdomo wa hewa kwa ubao, endapo injini itagoma kuzimika.

La mwisho ni karatasi. Kadi ya gari inabeba namba ya chasisi na namba ya injini, na injini ikibadilika, kadi haisemi tena kweli. Dai stakabadhi yenye namba ya injini kutoka kwa muuzaji, kisha peleka gari kwa mkaguzi wa polisi na Mamlaka ya Mapato (TRA) taarifa zibadilishwe. Namba hiyo imegongwa kwenye bloki. Ipige picha injini ikiwa bado chini, kabla mabomba na mabano hayajaifunika.

Fundi wa magari,
Nyakato, Mwanza