Kaka, ungenirudishia ile ngumi

Mbukwa kaka.

Naandika huku mtandaoni kwa sababu simu yangu hupokei, meseji zina tiki moja tangu mwaka juzi, na hata mama yako, mama mkubwa, akinipa simu yake nikupigie, ukisikia tu sauti yangu unakata. Huku najua itakufikia, Tunduma watu wa Dodoma hawakosekani, kuna mtu ataisoma atakurushia.

Jana jioni nimepita pale Majengo nyuma ya soko nikakuta vijana wanabishana mpaka mishipa ya shingo imewatoka. Muhammad Ali yule bondia na Bruce Lee wa filamu za kungfu wakikutana nani angeshinda. Watoto wa juzi hawa, deki ya mkanda hawajawahi kuiona, kila kitu wanakiangalia kwenye simu, mmoja anasema teke moja la goti Ali yuko chini, mwenzake anasema jebu moja tu la Ali yule Mchina anaamkia hospitali. Maneno yaleyale kaka. Yaleyale ya kibanda umiza, ya siku ile mkanda ulikatika katikati na mwenye kibanda akakataa kurudisha hela. Nilipitiliza sikuongea na mtu, nimefika njia panda ndo nagundua chenji yangu nimeiacha kwa mama muuza dagaa.

Sasa acha niseme nilichotaka kusema usiku ule wa msiba wa babu kabla hatujaharibu.

Bruce Lee nilimkosea. Miaka yote nilikuwa nasema yule ni steringi tu, muigizaji, nje ya filamu hana kitu. Nalifuta hilo. Mwaka 1958 akiwa mwanafunzi Hong Kong alishinda mashindano ya ngumi ya shule, ngumi hizihizi za glovu, na alipokuwa mtu mzima alikuwa anakaa anaangalia mapambano ya Ali kwenye filamu anajifunza ile miguu, namna anavyoingia na kutoka. Mtu anayekusoma hivyo amekuheshimu. Ila kilo, kaka, kilo! Ali siku ya Kinshasa, alipopigana na Foreman, alipanda na kilo 98 hivi na urefu wa mita 1.91. Bruce Lee alikuwa mita 1.72, na kilo hata 65 sidhani alifika. Hapo katikati kuna zaidi ya kilo thelathini, chukua debe moja na nusu la mahindi ujitwishe ndo utaelewa, na bado mkono wa Ali ulivyo mrefu huyu mfupi anakula ngumi tatu kabla hajafika kifuani. Kwa hiyo ulingoni, glovu mkononi, refa yupo, ni Ali na siongezi neno.

Lakini na wewe, mtu wa Bruce Lee, ulikuwa na haki. Nilikuja kuiona baadaye, usiku mmoja sina usingizi naangalia lile pambano la Tokyo, 26 Juni 1976, Ali na Antonio Inoki. Inoki alikuwa mtu wa mieleka, siyo kungfu, na Bruce Lee mwenyewe alishafariki Julai 1973, kwa hiyo lile ndo la karibu zaidi tutakaloona. Raundi 15. Na karibu zote yule Mjapani amelala chali, anazunguka chini kama kobe, anampiga Ali mateke ya miguu, nyuma ya goti, kwenye paja, na Ali anamzunguka anapiga kelele inuka tupigane, mwenzake hainuki. Ngumi alizomfikishia unahesabu kwa vidole. Wakatoa droo. Watu ukumbini walikasirika, ila Ali miguu ilivimba, damu ikaganda ndani, akalazwa. Bondia mkubwa kuliko wote na hakujua afanye nini na mtu anayempiga goti! Bruce Lee angekuwa na lile goti na uwanja wa wazi na hakuna refa, sijui kaka, kwa kweli hapo nanyamaza.

Yaani ubishi wetu wote ule ulikuwa ni sheria za nani zinatumika. Ndo hicho tu nilitaka kukwambia pale kwenye moto.

Badala yake ukaniambia nilichoambiwa.

Mimi ile picha haitoki. Julai, baridi ya Dodoma ile ya upepo na vumbi, turubai linapiga pwa pwa, wanaume tumezunguka magogo, wewe umefika saa moja usiku babu tushamzika tangu jana yake, na begi lako la mgongoni, umeanza kusalimia wazee mmoja mmoja vizuri kabisa. Nilifurahi kukuona. Naapa nilifurahi. Ni yule jirani ndo aliyechokoza, akasema haya wajukuu wa marehemu wamekamilika, Ali na Bruce Lee, hebu tumalizieni ubishi mzee apumzike, watu wakacheka, na sisi tukasimama tunafanya mchezo, unarusha teke juu ya kichwa changu polepole kama zamani, narusha jebu la uongo, wazee wanapiga makofi. Kisha ukasema Ali alikuwa anashinda kwa mdomo kama mdogo wangu huyu. Sawa. Nikajibu Bruce Lee wa kwenye filamu huwa anatokea mwishoni kila kitu kikishaisha. Hilo nilisema mimi, nakiri, lilikuwa neno baya. Ndo ukasogea ukaniambia kwa sauti ya chini, ila watu walisikia, "We umekaa na babu unasubiri nyumba."

Miezi minane kaka. Nilikuwa namgeuza usiku mara tatu asitoke vidonda. Namuogesha. Namlisha uji wa uwele kwa kijiko, anautema, namlisha tena. Hela ulituma, kila mwezi, sijawahi kukataa na hata hadharani hapa nasema ulituma na bila ile hela dawa zingekatika. Lakini hela haigeuzi mtu kitandani. Na nyumba unayoisema, hati iko kwenye sanduku la mama yako mpaka leo, mimi napanga chumba kimoja Nkuhungu na mke na watoto wawili, nenda ukamuulize yeyote.

Nikakupiga. Ngumi ya kweli, ya kulia, mdomoni. Mama mkubwa alikuwa anakuja na sinia la chai akaliweka chini kwenye vumbi.

Na wewe ukashusha mikono.

Hicho ndo sijakusamehe. Mkanda wa kahawia wa karate ulikuwa nao, ungeweza kunivunja mbavu nisijue pigo limetokea wapi, nilikuwa nimesimama wazi nasubiri, nilikuwa NATAKA. Ukaniangalia tu, ukapokea kanga ya mama ukaziba mdomo, alfajiri ukapanda basi. Ungenirudishia tungekuwa ndugu wawili wapumbavu waliopigana msibani, wazee wangetutoza mbuzi mmoja mmoja, tungekula, ingeisha hapohapo. Sasa mimi ndo yule aliyempiga kaka yake msibani akiwa hajarudishiwa. Huko mtaani wananisalimia lakini naona macho yao. Uliondoka na ushindi kaka na ulijua unaondoka nao.

Nilikuwa nataka nikushauri kama mdogo wako, usikae na kitu rohoni miaka, kinakula, hasira ya ndugu ni kama maji ya chumvi ya visima vya huku, unakunywa na kiu haiishi. Nilivyoanza barua hii ushauri ulikuwa ndo huo. Lakini mtu aliyekesha miezi minane halafu akaambiwa vile mbele ya wazee angefanya nini? Wewe ungefanya nini?

Unakumbuka babu na Ali wa 1980. Babu yule ambaye pambano la Kinshasa alilisubiria kwenye redio, kule bado ni usiku wa saa kumi, huku kwetu kushakucha, mpaka Foreman akaanguka raundi ya 8 na babu akachelewa zamu yake stesheni na hakujali. Halafu Ali akaja Dar ametumwa na Rais Carter wa Marekani kutuambia tusiende Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu akakataa hata kumuona. Babu alinuna! Alisema Ali amekuja nyumbani kwetu na barua ya mtu mwingine. Akaitoa picha yake ukutani. Tukaenda Moscow, Filbert Bayi akaleta medali ya fedha, Suleiman Nyambui akaleta ya fedha, na babu akawa anasema unaona, unaona. Lakini Oktoba mwaka uleule Larry Holmes alivyompiga Ali mpaka kona yake ikasimamisha pambano baada ya raundi ya 10, bibi alituhadithia babu alitoka nje akakaa chini ya mwembe hakula siku nzima, na picha ikarudi ukutani. Hakuna aliyemuomba msamaha. Ali hakujua hata kama huku kuna mzee amemnunia.

Picha ile ipo bado. Mama mkubwa anaifuta vumbi yeye mwenyewe, miguu sasa inamsumbua, anapanda kigoda tunamkataza hasikii.

Kaburi tunajengea Agosti, wiki ya pili, saruji nimeshanunua na mawe yako uwanjani. Mchango wako usitume. Njoo nao mkononi. Basi la kupitia Iringa na Mtera ndo jepesi, ukishuka stendi ya Nanenane usichukue bodaboda, nitakuwa pale tangu saa tisa, mimi mwenyewe.

Na uniambie ulishonwa nyuzi ngapi. Nimemuuliza mama yako mara nyingi, hajawahi kunijibu.