Barua ya wazi kwa vijana wa muziki mnaoomba intanshipu za kulipiwa

Wanangu wa Unguja na Pemba, wa Bagamoyo, wa Dar, na nyie wa Mombasa maana najua mnasoma, assalaam alaykum, na wale wa shikamoo marahaba.

Mie shangazi yenu mpiga fidla mstaafu (mkono umeanza kutetemeka, tusilizungumze hilo). Nimepiga taarabu zaidi ya miaka thalathini, alafu uzeeni nikawekwa kwenye meza ya kuchambua maombi ya vijana wanaotaka kwenda kujifunza kazi za muziki kwa posho ya wafadhili, kwenye taasisi ambayo sitoitaja, kwahivo nimekaa pande zote mbili, pande ya kuomba nikanyimwa na pande ya kusoma barua za watu mpaka macho yakaniuma.

Wiki iliopita wamekuja watatu barazani na barua zao wanataka nizipitie kabla hawajatuma. Nimezisoma, kahawa ikapoa. Zote tatu zinaanza na mapenzi ya muziki tangu utotoni, zote zinasema muziki ni lugha ya dunia, zote zinamaliza kwa kuahidi kuutangaza utamaduni wetu, nikauliza jamani mmekopiana? Mmoja akacheka akasema shangazi hiyo kaandika mashine. Sasa kama mashine imekuandikia wewe na imemuandikia mwenzako na mwengine wa Kampala na mwengine wa Accra, yule msomaji mwenye barua mia mezani atakujueni vipi?

Lakini tatizo langu kubwa sio mashine, manake hata kabla ya mashine mambo yalikuwa hivohivo. Tatizo ni kwamba wenye intanshipu wanatafuta mtu wa kazi na nyie mnawatumia bango la shoo. Intanshipu ni kazi, wanangu. Ni kukunja kebo, kupokea wasanii bandarini saa kumi na moja alfajiri, kuandika nani kala na nani hajala, kusikiliza kanda za zamani ukiwa na hedifoni na kuandika jina la mwimbaji na mwaka na lugha, kumfundisha mtoto wa miaka tisa kushika upinde. Anaesoma barua yako anajiuliza kitu kimoja tu, huyu nikimuweka Jumatatu ofisini atafanya nini mpaka saa sita mchana. Wewe umemjibu kwamba una wafuasi elfu nane.

Nikupeni mfano wa barua ninayoikumbuka mpaka leo. Binti mmoja, kizungu chake kilikuwa cha kupapasa, makosa kila mstari. Akaandika kwamba ami yake alikuwa mtunzi na amewacha madaftari matatu ya nyimbo, na yeye mwezi mzima wa Ramadhani baada ya tarawehe alikuwa anakaa na wazee wawili wanaozikumbuka, anaandika kila wimbo maqamu yake, yaani mpangilio wa sauti zake, huu rasti huu bayati huu hijazi, nani aliuimba kwanza, ubeti gani umepotea. Akasema wazee wanaimba anarekodi kwa simu lakini simu ishajaa na hajui azihifadhi vipi zisipotee, ndo anataka akajifunze kazi ya maktaba ya sauti. Basi. Hakuna lugha ya dunia, hakuna kipaji tangu utotoni. Meza nzima tulikubaliana kabla hatujafika ukurasa wa pili, na yule mwenye video ya steji ya taa za rangi hatukumkumbuka hata jina.

Kwahivo kabla hujaandika jua unaomba kitu gani, maana watu wanachanganya. Ukiomba kwenye tamasha, mfano Sauti za Busara, tamasha la muziki la Unguja lilioanza 2004 na huwa la Februari, pale wanahitaji mikono ya uendeshaji, barua yako izungumzie ratiba, wageni, mitambo, hata kama uzoefu wako ni wa kupanga maulidi ya mtaa ya watu mia tatu, andika, maulidi ya watu mia tatu sio mchezo, kuna jenereta na mabusati na sahani na ugomvi wa nani anasoma mwanzo. Ukiomba kwenye kumbukumbu za sauti kama ILAM ya Makhanda kule Afrika Kusini, ile iloanzishwa na Hugh Tracey 1954 na ina rekodi alizopita kuzichukua mpaka Afrika Mashariki kwetu, basi waonyeshe sikio na subira na lugha unazozijua. Kiswahili chako ni mali kule, kama unajua na Kimakunduchi au Kigogo ndo kabisa, lakini watu wanaandika "lugha: Kiingereza" wanaona haya kuweka Kigogo kwenye sivii!

Alafu kuna ile ya kubadilishana vijana, mfano Norec, shirika la serikali ya Norway, zamani ikiitwa Fredskorpset wakabadilisha jina 2018. Hii kila mwaka nasikia kijana "ameomba Norec wamemkataa", mwanangu Norec huombi wewe. Wao wanazipa hela taasisi mbili au tatu zilizoungana, ya huku na ya kule, na taasisi ndo inachaguwa kijana wa kumpeleka, na wa kule nae anakuja huku. Kwahivo mlango wako ni ile taasisi ya hapa nyumbani yenye ushirika, na pale hawakuchagui kwa barua tu, wanakujua, wanajua kama unakuja mazoezini kwa wakati na kama ukitumwa kununua nyuzi unarudi na chenji.

Na kuna zile za wanamuziki wenyewe kukutana wakatunga pamoja, kama OneBeat ya Marekani iloanza 2012. Ile sio intanshipu, pale muziki wako ndo barua yako, tuma unachokipiga wewe. Ila nyingi katika hizi zinategemea bajeti ya serikali za watu, mwaka huu ipo mwakani imefungwa, kwahivo usitegemee tangazo la zamani lililozunguka wotsap miaka mitatu, nenda kwenye tovuti yao wenyewe uangalie tarehe.

Nyie mlioko skuli, TaSUBa ile ya sanaa ya Bagamoyo au DCMA ile ya muziki ya Unguja au chuo kikuu, mna kitu sisi hatukuwa nacho. Mna barua ya chuo na mna muda wa field, ya kwenda kujifunza kazini. Mnaipoteza field kwa mjomba mwenye duka la spika ili asaini fomu, alafu mkimaliza mnalia hamna uzoefu. Nenda redioni kaombe kukaa kwenye chumba cha kanda, nenda kwenye klabu ya taarabu, Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, zaidi ya miaka mia ya watu na nyimbo na mivutano, kijana mwenye daftari na adabu kwenye klabu kongwe kama ile hawezi kukosa cha kufanya miezi miwili. Hiyo ndo utaiandika baadae.

Sasa rekodi. Jamani rekodi. Nimeletewa video ya harusini, mtu anapiga ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha kulaza, humuoni, unawaona mabibi wanatunza na mtoto analia. Dakika mbili zatosha, tatu ukizidi. Anza kupiga, usianze kujitambulisha na kushukuru. Zima feni. Zima friji kama chumba kiko karibu. Subiri baina ya adhana, na panga siku ya kurekodi kabla ya siku umeme unapokatika mtaani kwenu, mnaijua wenyewe. Simu iweke mbali na fidla kidogo, hatua mbili, ukiikaribisha inakwaruza. Andika chini umepiga nini, maqamu gani, wimbo wa nani. Na kama huna noti usijifiche nyuma ya uongo, sema umejifunza kwa kusikiliza na sasa unajifunza kusoma, hilo ni jambo la heshima, mie mwenyewe noti nimejifunza nina miaka thalathini na nne na bado nasoma kama mtoto wa chuoni na juzuu yake.

Barua za ushahidi za walimu ni mtihani mwengine. Mwalimu wako bora pengine ni mzee wa miaka sabini hana imeili na hataki kuwa nayo. Sasa vijana wanamruka wanakwenda kwa mkuu wa idara asiewajua hata sura, anaandika mistari minne ya kuwatakia kheri. Kakae na mzee wako wiki tatu kabla, sio usiku wa mwisho, muulize akwambie anakuonaje, aseme kwa Kiswahili, wewe uandike maneno yake, utafute mtu mwengine wa kutafsiri ili isionekane umejisifu, mzee atie saini na namba ya simu, na juu uandike wazi kwamba ameisema kwa mdomo ikaandikwa. Sie mezani barua kama ile tuliisoma mara mbili, mzee alisema "huyu mtoto anapiga polepole lakini harudii kosa", hakuna profesa alieandika kitu kizuri kuliko hicho.

Na neno "funded" likuamsheni, lisikulazeni. Ukiona "imefadhiliwa" uliza imefadhiliwa nini. Nauli? Viza? Bima? Pa kulala? Posho ya kula, na inatoka mwanzo wa mwezi au mwisho, manake ukifika mji wa ugenini na elfu hamsini mfukoni mwezi mzima utaipata. Na chombo chako je, ganuni haiingii kwenye kabati la ndege la juu, nani analipia mzigo. Kuuliza sio utovu wa adabu, wenye programu ya kweli wana majibu tayari. Kwa Ulaya ya Schengen bima lazima ifike euro 30,000, na viza unaomba sio mapema kuliko miezi sita na sio chini ya siku 15 kabla ya safari, na siku 15 ni ya vitabuni tu, wewe nenda mapema. Pasi ya kusafiria ya Tanzania ni shilingi laki na nusu na inataka kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, usisubiri upate nafasi ndo uanze kutafuta cheti kilichoandikwa jina la babu vibaya.

Na anaekwambia utume dola za "dhamana" kwa simu ili nafasi yako isichukuliwe, huyo mwizi, hata kama barua yake ina nembo nzuri na bendera. Mwanafunzi wangu mmoja aliuza akodiani. Akodiani ya marehemu baba yake, kwa safari ambayo haikuwepo. Naishia hapo kwenye hilo.

Saa! Saa ya kwetu imewakosesha watu nafasi. Kijana kaandikiwa usaili 8:00 kwa saa za Afrika Mashariki, kichwani kwake ni saa nane, kaoga kavaa kanzu ya kupigwa pasi kakaa mbele ya kompyuta saa nane mchana, wenzake walimsubiri saa mbili asubuhi wakamfuta. Na dedilaini ya 23:59 uliza ya wapi, ya London kipindi cha baridi ni saa tisa kasoro dakika usiku kwetu, ya New York ni karibu saa mbili asubuhi ya siku ya pili. Ila wewe tuma siku mbili kabla, intaneti yetu mnaijua. Na imeili ya mfalmewasteji fungueni nyengine yenye jina lenu la skuli, tafadhali.

Kwa mabinti. Najua nyumbani watasema mtoto wa kike haendi ugenini kwa ngoma. Mie nilisemwa. Siti binti Saad alipanda meli kwenda Bombay 1928 kurekodi santuri na wenzake, mwanamke wa Kiswahili wa zama zile, na waliomsema hatuyajui majina yao. Lakini msiwafiche wazee, waonyesheni mkataba, waonyesheni mtapolala na nani msimamizi na namba yake, baba yangu alikubali siku aliposoma karatasi na sio siku nilipolia.

Mtanyimwa. Mie nimenyimwa mara tatu, ya pili walinipotezea bahasha nzima na kanda ndani yake, ya mara ya nne nikenda. Ukinyimwa andika mistari miwili ya adabu uulize ulipungukiwa wapi, wengi hawajibu, anaejibu muweke.

Basi, mimi niko barazani baada ya laasiri siku zote ila Ijumaa. Njooni na barua zilizochapwa kwenye karatasi, macho yangu hayawezi simu, na wale watatu wa wiki iliopita njooni mwanzo. Wewe wa ganuni, ile aya ya pili nimeikata yote, usinune, na nataka uniambie yale mambo ulonihadithia ukiwa unavaa viatu, ya kutengeneza nyuzi za chombo cha skuli kwa waya wa breki ya baskeli. Mbona hukuyaandika?

Shangazi yenu wa fidla