Baba, uuguzi sijauacha

Kampala

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama na wote hapo Tanga. Mimi sijambo, ila mvua za huku hazitupi nafasi.

Mama ananiambia bado unauliza iweje mtoto uliyemsomesha uuguzi aende Uganda kuuza vitu. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tunaishia kwenye salamu.

Kampuni yetu inauza vifaa tiba: vipima oksijeni vya kidoleni, mashine za kunyonya makohozi, na hasa konsentreta za oksijeni. Hii ya mwisho ndiyo inayonikosesha usingizi. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 tu, inaipitisha kwenye chembechembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, na upande wa pili mgonjwa anapata oksijeni ya takriban asilimia 93. Haihitaji mtungi. Inahitaji umeme, na mtu wa kuosha sponji ya nyuma inayochuja vumbi. Ikishuka chini ya asilimia 82, inatakiwa ipige kelele.

Juzi nilikuwa hospitali moja ya misheni kaskazini. Kwenye kona ya wodi ya watoto nikakuta konsentreta imefunikwa kitenge. Sista wa zamu akasema ni mbovu. Nikamwomba fundi wa hospitali tuifungue. Sponji ilikuwa imeganda vumbi jekundu la barabarani, ngumu kama tofali. Tukaiosha kwa maji na sabuni, tukaikausha, tukawasha. Kipimo kikaanza kupanda polepole mpaka 91, na sista akaenda kumwita daktari mwenyewe. Baba, niliumia. Waliowauzia mashine ile hawakukanyaga tena pale tangu siku ya kusaini, na watoto wamelazwa hatua chache kutoka kwenye ile kona.

Ndiyo maana nasema kazi hii ni kurudi. Kuuza kwenyewe ni siku moja. Kufundisha zamu ya mchana na ya usiku, kuleta vipuri na kupokea simu ya fundi saa nane za usiku, hiyo ni miaka. Kamisheni ipo, sikatai, lakini huchelewa, maana zabuni huchukua miezi na malipo huchukua mingine. Hospitali za serikali hupata dawa na vifaa vingi kupitia bohari ya taifa ya dawa. Za misheni wanayo bohari yao, Joint Medical Store, pale Nsambya, iliyoanzishwa mwaka 1979 na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Asiyejua nani ananunua kupitia wapi atamaliza nauli bure.

Na uliyonifundisha wewe ndiyo yananilisha. Siingii wodini daktari akiwa anapitia wagonjwa. Namsalimu sista wa zamu kabla ya mkubwa yeyote. Kwa fundi naanza mapema, kabla sijafika ofisi ya manunuzi, kwa sababu fundi akiikataa mashine, hata ikinunuliwa itaishia stoo. Kampala bila Kiganda unahangaika, lakini Gulu na Arua Kiswahili chetu kinanifungulia milango. Wazee wananiuliza habari za Tanzania kabla ya habari za mashine.

Idrisa ameniandikia anataka anifuate. Mwambie amalize kwanza diploma ya ufundi wa vifaa tiba. Wauzaji wenye maneno wapo wengi. Wanaoweza kufungua mashine mbele ya mteja na kuifunga ikafanya kazi ni wachache, na hao ndio wanaotafutwa. Ada ya muhula nimemtumia Mama kwa simu.

Jambo moja naomba unisaidie. Nataka kuhuisha leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Cheti changu kimo kwenye bahasha ya kaki, kabatini kwako, chini ya hati za shamba. Mpe Idrisa akipige picha anitumie wiki hii.

Mwanao,
Mwanaidi